Mdudu wa Upande wa Kushoto

Uppsala, Sweden
14 Novemba 1993

Rukaiya shoga yangu,

Ukiona stempu yenye mfalme usiyemjua, ni mie Atu. Wewe huna sanduku la posta, kwa hiyo barua inapitia kwa Baba, naye atakuletea mwenyewe hapo kibarazani kwako. Atagonga kwa fimbo, atakataa kiti, chai atakunywa amesimama. Mpe tu, ndivyo alivyo tangu astaafu kiwanda cha saruji.

Huku jua linazama saa tisa mchana, sikutanii. Nje kila kitu ni cheupe, miti, mapaa, magari, na kila nikifungua pazia asubuhi nusu ya akili yangu inadhani ni vumbi la saruji. Unaikumbuka ile mikorosho ya nyuma ya kwenu, majani yote yamepakwa vumbi, tunaandika majina kwa kidole na mvua ya kwanza inayafuta? Juzi nimeandika RUKAIYA kwenye kioo cha gari la mtu, kwenye theluji. Mwenye gari akatoka akanikuta. Nikamwambia ni jina la rafiki yangu, akasema ni jina zuri, akaondoka zake. Watu wa huku hawagombi, na wakati mwingine mtu unatamani kugombezwa.

Baba ananiambia uliuliza nasomea nini miaka yote hii. Yeye akiulizwa na watu wa kanisani anasema nasomea damu, kwa kuwa anaona haya. Nasomea matiti, Rukaiya. Tena ya panya. Cheka kwanza umalize, nakusubiri.

Sasa sikiliza. Titi halijiotei tu. Mwilini kuna protini, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kazi ya baadhi yake ni kupeleka amri. Moja inasema ota. Nyingine inasema tulia, imetosha. Sisi tunatengeneza kidonge kidogo kuliko punje ya mchele, tunakitia kwenye titi la panya. Kikiwa na amri ya kuota, vijitawi vya ndani vinakikimbilia kama mizizi iliyonusa maji. Kikiwa na amri ya kutulia, ncha zote za vijitawi zinalala, na kidonge kikiisha nguvu zinaamka na kuendelea na safari yao. Siku ya kwanza kuliona hilo kwenye hadubini nilisahau kula.

Kuna jingine ambalo silipendi, ila ndiyo kazi. Panya akiwa mtoto, titi lake lote la baadaye limo kwenye kikokwa kimoja nyuma ya chuchu. Tukikikata kikokwa kile, upande ule hauoti titi mpaka afe. Panabaki mafuta matupu. Tunafanya hivyo makusudi, tupate mahali patupu pa kupandikizia chembe tunazotaka kuzichunguza. Mwanzoni nilikuwa namwomba mwenzangu anikatie, siku hizi nakata mwenyewe.

Profesa aliwahi kuniuliza kwa nini nimechagua kazi hii. Nikamjibu mambo ya afya na maendeleo. Ningemwambia nini? Kwamba njia ya kwenda Madale kulikuwa na mashimo ya udongo yanayojaa maji ya masika, na juu ya maji vidudu vyeusi vinazunguka, na kila msichana wa darasa la tano pale Wazo anajua kwamba kidudu kile kikikung'ata chuchu, titi linaota? Wewe ulivikamata viwili, ukajing'atisha huku na huku, hata kuguna hukuguna. Mie nilijing'atisha kushoto, nikalia, nikakimbia mpaka nyumbani. Na kushoto ndiko kulikotangulia. Karibu mwaka mzima nilitembea na upande mmoja, na ni wewe uliyemwibia baba yako kitambaa cha mkono, tukakikunja, tukasawazisha gauni langu la shule.

Basi nimekuja mpaka huku kutafuta jibu la mdudu yule. Niandikie. Nimewakumbuka mpaka naona uchungu.

Wako,
Atuganile

&nbsp;

Wazo
9 Januari 1994

Kwako Atu, daktari wa matiti ya panya,

Nimecheka mpaka Kondo akaja kuuliza mkewe kapatwa na nini. Sikumwambia. Nimemwambia unasomea damu.

Mzee Fredrick alikuja vilevile ulivyosema. Kiti kakataa, chai kanywa vikombe viwili wima. Akaniuliza, "Mwanangu anasemaje?" Nikamsomea ya theluji, ya panya nikayaruka. Akaridhika, akaenda zake.

Wazo uliyoiacha usiitafute. Ile mikorosho imekatwa, kuna mtu kajenga nyumba ya ghorofa na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Mbweni huko ndiyo usiseme, kila kiwanja kina mwenyewe na kila mwenyewe ana gari. Mambo ni ruksa, shoga. Mie mwenyewe nauza mitumba pale Tegeta, na kwa taarifa yako nauza sidiria. Zinashuka na marobota kutoka huko huko uliko, labda nyingine ni za majirani zako. Sisi tulisawazisha kwa kitambaa cha mkono, watoto wa siku hizi wananichagulia rangi. Kila nikipanga meza yangu nakukumbuka ulivyokuwa ukitembea umejikunja bega la kushoto, ukidhani watu hawaoni. Walikuwa wanaona, Atu. Mie ndiye niliyewatisha wasicheke.

Dada yangu Mwanahawa tulimzika mwaka juzi, sijui kama Baba alikwambia. Alianza na kijivimbe kifuani. Akaona haya kukisema, akakificha chini ya kanga mpaka kikapasuka chenyewe. Nilimwogesha mie wiki zile za mwisho. Yale niliyoyaona siwezi kuyaandika.

Sasa nina swali, na usinirudishie maswali. Nina mtu wangu wa karibu sana. Kifuani mwake, kushoto tu, nyuma ya pale unapopajua, kumetokea kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Kikiguswa kinauma. Kulia hakuna kitu. Hapa barabarani zahanati za watu binafsi zimeota kama uyoga, na dakta wa moja amekishika akasema kitolewe. Wewe unayeyajua haya kwa undani, unasemaje? Jina sikutajii, kwa kuwa si langu kulitaja.

Nakuomba ujibu upesi.

Shoga yako,
Rukaiya

&nbsp;

Uppsala
1 Februari 1994

Rukaiya mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, na mpaka sasa nimeshindwa kufanya kazi.

Poleni kwa Dada Mwanahawa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, na sikujua kama hayupo. Nimekaa huku namhesabu miongoni mwa walio hai.

Sasa nakusemesha wewe. "Mtu wangu wa karibu." Nakujua tangu tukiwa watoto. Ulipokatwa na chupa mguuni ulimwambia mwalimu kuna mwenzako anatoka damu. Sikuulizi jina, ila mwambie huyo mtu wako kwamba asijifiche, asione haya, asiseme ngoja Ramadhani ipite. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, kwenye familia ambayo dada ameshakufa nao, haungojewi. Kitolewe chote kipelekwe kupimwa. Dakta wako amesema kweli. Ningependa iwe hospitali kubwa kuliko zahanati, lakini kuliko kukaa bure, popote.

Maneno yangu makali, nisamehe. Nakuona vile ulivyokuwa, umekaa ukingoni mwa shimo, vidudu viwili kifuani na macho makavu. Umekuwa ukinyamazia maumivu maisha yako yote. Mara hii usinyamaze. Fanya haraka, Rukaiya. Nataka nikirudi nikukute.

Atu wako

&nbsp;

Wazo
27 Februari 1994

Atu,

Nimefunga na jua ni kali, mwandiko ukipinda usinicheke.

Barua yako imeniliza, kisha imenipa nguvu. Lakini jifute machozi, shoga, umelia kwenye msiba usio wako. Si mie. Mie mzima wa afya, nakula futari ya watu wawili. Ni mwanangu Salma.

Nilikuficha kwa sababu unajua kwetu. Mama haangalii mwili wa bintiye anayekua. Hiyo ni kazi ya bibi yake, na baadaye ya somo wake, mama hupisha mlango. Mie nimeona kwa bahati mbaya tu. Alikuwa anatua ndoo, ukingo ukamgonga kifuani, akalia kilio ambacho si cha ndoo. Nikamfungua kanga kabla sijafikiri. Nikakigusa. Kilikuwa pale pale alipoanzia Dada Mwanahawa, Atu, upande ule ule. Toka siku ile sijalala usingizi wa maana.

Kumwambia Bi Mwanakombo, mama yake Kondo, nimeona haya. Angeniuliza nimeona wapi, angesema namchungulia mwari hata ungo hajavunja. Kondo nimemwambia mtoto ana jipu. Kwa hiyo tuliojua ni mie, Salma na dakta, na wewe wa nne.

Umesema nisichelewe, sichelewi. Hospitali kubwa tulikwenda, foleni yake ni ya kulala. Dakta wa zahanati anasema ni kazi ndogo, anakitoa kikokwa chote na mzizi wake, mtoto anarudi nyumbani jioni ile ile. Tumekubaliana Jumatano baada ya Idd, ili mtoto asherehekee kwanza. Nimemshonea gauni la kijani. Ana miaka kumi, anaingia kumi na moja, mrefu kama baba yake. Katika wenzake wa darasa yeye ndiye pekee aliyepatwa na balaa hili.

Bila barua yako nisingethubutu. Mungu akulipe.

Rukaiya

&nbsp;

TELEGRAMU
Uppsala, 14 Machi 1994

FREDRICK MWASOMOLA WAZO DAR ES SALAAM
MWAMBIE RUKAIYA ASIMKATE SALMA. SI UGONJWA. NI TITI LINAOTA. BABA NENDA SASA HIVI. ATUGANILE

&nbsp;

S.L.P. Wazo, Dar es Salaam
17 Machi 1994

Mwanangu Atuganile,

YAH: TELEGRAMU YAKO YA TAREHE 14

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Telegramu ilinifikia jana Jumatano asubuhi kwa mkono wa kijana wa posta, na agizo limetekelezwa kama ifuatavyo.

Niliisoma nikiwa na mswaki mdomoni. Sikuelewa yote, ila nilielewa "sasa hivi". Nikavaa koti la kanisani, kwa kuwa sikujua naenda kukutana na nani. Nyumbani kwa Rukaiya mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yao Sadallah akaniambia mama na mtoto wamekwenda zahanati, mtoto anapasuliwa jipu. Basi, mwanangu, nilikimbia. Tangu nistaafu sijakimbia, na wala kabla ya hapo sikuwa mtu wa kukimbia. Watu wa barabarani walidhani kuna mwizi, wawili wakanifuata kunisaidia.

Nilimkuta Rukaiya kwenye benchi, mtoto ameshaingizwa ndani. Hapo ndipo iliponishinda. Wewe unajua nilivyolelewa. Kwetu Rungwe baba mkwe na mke wa mwanawe hata kutazamana ni mwiko, na mimi binti huyu, kwa kuwa ni mke wa mtu, namhesabu kama mkwe wangu. Neno lile lililoandikwa kwenye telegramu sijawahi kulitamka mbele ya mwanamke asiye mama yako. Nilimpa karatasi mkononi nikageukia ukuta. Ukutani kulikuwa na tangazo la chanjo ya surua, nikalisoma kwa makini.

Dakta akatoka kuuliza kuna nini. Akaisoma karatasi, akauliza huyu Atuganile ni nani. Nikasema ni binti yangu, ni daktari Ulaya. Akauliza daktari wa nini. Mwanangu, miaka yote nimekuwa nikisema damu. Jana, mbele ya benchi zima, nilisema ni wa matiti. Akauliza, ya watu? Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusema uongo kwenye jambo la mtoto. Nikasema, ya panya. Benchi zima lilicheka, na dakta alicheka kuliko wote.

Yaliyofuata yalifanyika chumbani, nami si mahali pangu. Nilitoka nikasimama juani. Rukaiya atakueleza mwenyewe. Nakuarifu tu kwamba mtoto alitoka kwa miguu yake, gauni la kijani halina doa, na nilimnunulia soda.

Kuanzia sasa wakiniuliza unasomea nini, sitasema damu.

Ni mimi baba yako,
F. A. Mwasomola

&nbsp;

Wazo
20 Machi 1994

Atuganile,

Nimeandika jina lako lote ili ujue nimekasirika.

Mwezi uliopita uliniambia kata. Jumatano ukaniambia usikate. Mkononi nina karatasi yako, na kwenye pochi nina barua yako, aliyeziandika ni mtu mmoja. Nisikilize yupi? Mwanangu yuko kitandani, gauni limeteremshwa mpaka kiunoni, sindano ya ganzi iko mezani, na dakta bado anafuta machozi ya kucheka. Akaniambia, "Dada, chagua. Utanisikiliza mie au utamsikiliza daktari wa panya?"

Nikamwuliza jambo moja. Nikamwambia, ukikitoa hiki, baadaye pale pataota? Akasema patabaki kovu dogo tu. Nikamwambia sikuuliza kovu. Akaangalia mkasi wake. Akasema la msingi ni uhai, dada, hayo mengine ni mapambo.

Hapo ndipo panya wako waliponijia, Atu. Ile barua yako ya kwanza niliisoma kwa kicheko, ndiyo maana sikuisikia. Kikokwa kimoja nyuma ya chuchu. Wakikikata, mpaka afe. Uliniandikia mwenyewe mwezi wa kumi na moja, na mie nikamwambia Kondo unasomea damu. Nikamwambia Salma, "Vaa." Dakta akasema nikitoka pale nisirudi mtoto akiharibikiwa. Nikamwambia sitarudi.

Salma hajaniuliza kitu. Amekunywa soda ya Mzee Fredrick, njia nzima ameshika koti lake, na huyo mzee wako anatembea kama askari anayesindikiza bibi harusi.

Lakini sasa ni siku ya nne na naogopa. Kama umekosea, nimemuua mwanangu kwa ajili ya panya. Usinifariji. Niambie kama una hakika, na niambie nitajuaje.

Rukaiya

&nbsp;

Uppsala
6 Aprili 1994

Rukaiya,

Una haki ya kukasirika na uendelee tu. Nilikuwa na neno moja la kuuliza, umri, na sikuliuliza, kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba ni wewe. Barua yako ya Februari ilinifikia Jumatatu. Nilipofika kwenye "miaka kumi" nilikuwa nimeketi mbele ya hadubini, na kwenye sahani yangu kulikuwa na vikokwa nilivyovikata asubuhi ile. Nilikimbia posta bila koti.

Nina hakika. Kwa mwanamke wa umri wetu ningekuambia vilevile nilivyokuambia. Kwa mtoto wa miaka kumi, kokwa ngumu nyuma ya chuchu, inayouma ikigongwa, ni titi linaanza. Mara nyingi linaanza upande mmoja, na mwenzake anakuja baada ya miezi, wakati mwingine mwaka. Amri ya kuota inapita mwili mzima, lakini pande mbili haziisikii siku moja. Kwa nini, hata sisi hatujui vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, umesahau? Ulinisawazisha kwa mikono yako.

Utajuaje: kokwa italainika na kutandaa taratibu, na upande wa pili utaanza. Ngozi yake ikibadilika, au ikipasuka, au uvimbe ukikua haraka kupita kiasi, mpeleke hospitali kubwa wamwangalie wanaojua watoto, na hata hapo waangalie kwanza kabla ya kisu. Kwa sasa mngoje tu. Najua kungoja ndicho kitu kigumu.

Toka siku ile nikishika mkasi nauweka chini. Profesa kanipa kazi ya kuhesabu picha badala ya kukata. Sijamwambia sababu.

Mwambie mtu amwambie Salma, kwa kuwa wewe huwezi, kwamba hana ugonjwa. Na kama anatembea amekunja bega la kushoto, ajue kuna mtu mwingine alitembea hivyo hivyo njia ile ile.

Atu

&nbsp;

Wazo
25 Septemba 1994

Shoga yangu Atu,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nangoja, kama ulivyoniambia. Miezi hii yote nimekuwa mama wa kutazama nguo kwenye kamba. Naangalia gauni linavyokaa, naangalia mtoto anavyoinua ndoo. Usiku nilikuwa nakulaani, asubuhi nakuombea.

Mwezi wa sita nilishindwa, nikamwendea Bi Mwanakombo kule Mbweni, nikamweleza yote, haya na aibu nikaziacha mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza nimeona wapi. Akamchukua Salma chumbani, akatoka, akasema, "Huyu kang'atwa na mdudu upande mmoja. Akang'atwe na wa pili." Kumbe ni kweli. Kabla ya mkasa wote ule mwanangu alikwenda mashimo ya Madale na wenzake, akajing'atisha kushoto, akalia, akakimbia mpaka nyumbani. Sasa nikuulize, mtoto huyu nimemzaa mie au umemzaa wewe?

Nikamwambia Bi Mwanakombo kwamba nina rafiki Ulaya, amesomea, anasema ni protini. Akasema protini ni sawa, lakini mdudu ndiye anayeziamsha. Wiki ile ile, nimekwenda sokoni, bibi na mjukuu wakaenda mashimoni. Yamebaki mawili tu, mengine yamefukiwa watu wamejenga. Salma hakulia mara hii.

Na mwezi wa nane nguo kwenye kamba zikabadilika, Atu. Sisemi zaidi, mie ni mama. Nilipofungua robota wiki iliyopita nikakuta sidiria moja ndogo ya maua, imara, haijachakaa. Sikuiweka mezani. Niliiweka kwenye kikapu cha nguo zake, sikusema neno. Jioni haikuwemo. Nikakaa jikoni nikalia mpaka wali ukaungua, Kondo akala hivyo hivyo.

Kwa hiyo umeshinda na umeshindwa. Titi umelinusuru, lakini sifa kapata mdudu. Salma ameniuliza kama ni kweli ulivuka bahari kusoma titi linavyoota. Nikasema ni kweli. Akasema, "Si angekuja kuniuliza mie."

Rudi, Atu. Njia ya Madale inajengwa, na hayo mashimo mawili sidhani kama yataiona masika nyingine. Nataka tukakae pale ukingoni, mie na wewe, watu wazima na aibu zetu, tuvitazame vile vidudu vinavyozunguka. Baba yako anasema atatusindikiza, ila atakaa mbali amegeuka.

Salma ameomba nafasi chini ya barua hii akuandikie mwenyewe. Nimemwachia. Nitampa aifunge na aigundishe mwenyewe, sitasoma.

Wako siku zote,
Rukaiya

&nbsp;

Shikamoo Ma'mdogo Atu. Mie Salma. Mama amegeukia dirishani, haoni. Babu Fredrick kanifundisha kuandika anwani ya Ulaya. Ahsante kwa ile telegramu. Yote mawili yapo.